Maisha ya Daktari Denis Burkitt, Mpasuaji wa Mulago

Katika majina makubwa ya utabibu duniani liko moja ambalo kila mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki angefaa kulijua, kwa kuwa sifa ya mwenye jina hilo haikupatikana Ulaya wala Marekani, bali ilipatikana huku kwetu, katika wodi za watoto na katika barabara za vumbi. Jina lenyewe ni Denis Burkitt. Mtu huyu hakuwa na maabara kubwa, wala hakuwa na fedha nyingi za utafiti. Alikuwa mpasuaji wa serikali mwenye jicho moja, na vyombo vyake vya utafiti vilikuwa ramani, kalamu, karatasi za maswali na motakaa iliyokwisha kutumika. Hata hivyo kazi yake iligeuza fikira za madaktari wa dunia nzima juu ya maradhi ya saratani.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, upande wa kaskazini wa nchi ya Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo lao, lakini alipopata nafasi alipenda sana kuchunguza ndege. Alikuwa akiwakamata ndege wadogo wa bustanini, akiwavika vipete miguuni, kisha akiwaachia na kuandika katika ramani kila mahali alipowaona tena. Kwa njia hiyo alijua kila ndege ana mipaka ya makao yake. Msomaji aliweke moyoni jambo hili la ramani, maana tutalikuta tena kwa mwanawe.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto wa shule, na jicho lake la kulia likapotea. Alimaliza masomo ya shule na jicho moja, na mwaka 1929 akaingia Chuo cha Trinity katika mji wa Dublin ili asome uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokuwa wakisali pamoja, na baada ya kufikiri sana akaona kwamba ameitwa kuwatumikia wagonjwa. Akauacha uhandisi, akaanza udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheo cha mpasuaji kutoka Chuo cha Wapasuaji cha Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika ya Magharibi alikataliwa, na sababu iliyotolewa ni jicho lake. Lakini vita kuu ya pili ilipopamba moto, jeshi la Waingereza lilihitaji wapasuaji, likamchukua mwaka 1941. Alifanya kazi Kenya, Somalia na Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Alipoiona Afrika ya Mashariki, moyo wake ulikaa huku. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, katika mji wa Lira, wilaya ya Lango.

Huko Lira ndiko alikoanza kutambua faida ya kuuliza swali moja ambalo watu wengi hulipita: ugonjwa huu unatoka wapi? Aliwapasua wanaume wengi wenye busha, akaona kwamba wengi wao walitoka upande mmoja tu wa wilaya, na upande wa pili walikuwa wachache sana. Akaziandika hesabu zake na kuzitangaza katika jarida la madaktari. Baadaye ilifahamika kwamba tofauti ile ilifuatana na mahali penye mbu wanaoeneza minyoo midogo ya matende na busha. Ugonjwa ule haukuwa wa ajabu, lakini somo lilikuwa kubwa: mahali mtu anapokaa paweza kueleza sababu ya maradhi yake.

Mwaka 1948 Burkitt alihamishiwa hospitali kuu ya Mulago, Kampala. Miaka 9 ikapita katika kazi ya kila siku ya kupasua. Ndipo mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alipomwita wodini akamwone mtoto wa kiume wa miaka 5. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika. Burkitt alishangaa, kwa sababu jipu la jino huvimbisha upande mmoja tu, na saratani ya kawaida huanza mahali pamoja. Hakujua jina la ugonjwa ule, wala hakuwa na dawa.

Baada ya wiki chache alikwenda hospitali ya Jinja. Alipotupa macho nje ya dirisha aliona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka mbio, akampima, akaona kwamba hata tumboni mna uvimbe. Mtu akiona jambo la ajabu mara moja huweza kulisahau. Akiliona mara mbili, yampasa asimame. Burkitt alirudi Mulago akafungua madaftari ya hospitali na kumbukumbu za maiti zilizopasuliwa, akakuta watoto wengi waliokufa wakiwa na uvimbe wa taya, wengine wa tumbo, figo au ini. Madaktari walikuwa wameuandika kila uvimbe kwa jina lake, kana kwamba ni magonjwa mbalimbali. Yeye aliona kwamba huenda ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka 1958 aliutangaza katika jarida la wapasuaji la Uingereza, lakini watu wachache tu waliujali. Miaka miwili baadaye wachunguzi wa Mulago, Greg O'Conor na Jack Davies, walionyesha kwa hadubini kwamba uvimbe huo ni saratani ya chembe za tezi, yaani limfoma, na kwamba saratani za namna hiyo zilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto walizozichunguza.

Hapa yafaa tueleze jambo lililomsumbua mpasuaji huyu. Katika siku zile dawa kuu ya saratani ilikuwa kisu. Mfano wake mkubwa ulikuwa saratani ya matiti. Mwaka 1894 mpasuaji mmoja wa Marekani, William Halsted, alikuwa ametangaza operesheni ya kuondoa titi zima, pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, akiamini kwamba kadiri mpasuaji anavyokata zaidi ndivyo saratani isivyorudi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 70 wanawake wengi duniani walipasuliwa kwa njia hiyo. Lakini kwa watoto wa Mulago kisu hakikufaa. Mtu hawezi kukata taya zote za mtoto pamoja na figo na ini. Mashine za kuchoma uvimbe kwa mionzi hazikuwako Uganda. Na uvimbe wenyewe ulikua haraka kuliko saratani yo yote iliyojulikana: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyeletwa leo akiwa anacheza, baada ya miezi michache alizikwa.

Basi Burkitt alirudia swali lake la Lira. Aliandika barua na karatasi za maswali, akazituma pamoja na picha kwa hospitali nyingi za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza kama wamemwona mtoto wa namna hii. Kila jibu lililokuja alilitia alama katika ramani. Kidogo kidogo mkanda ukaonekana, umekata Afrika kati, kaskazini na kusini ya ikweta, nao una mkia unaoshuka katika pwani ya mashariki mpaka Msumbiji. Lakini mpaka wa kusini haukuwa wazi, naye akaamua kwenda kuutazama mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika motakaa kuukuu aina ya Ford. Williams alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Kuluva, West Nile, na bahati njema alikuwa fundi wa motakaa pia. Walisafiri wiki 10, mwendo wa maili 10,000, yaani kilometa 16,000 hivi, wakapita Kenya, Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia, Msumbiji mpaka Afrika ya Kusini. Walifika karibu hospitali 60. Kila walipofika walionyesha picha, wakauliza maswali yale yale, wakaandika majibu, kisha wakapanda gari tena. Watu wameiita Safari Ndefu, na kwa kweli ni mojawapo ya safari za utafiti zilizogharimu fedha chache na kuleta faida nyingi.

Waliporudi waliona kwamba mpaka wa ugonjwa haukufuata kabila, wala dini, wala chakula. Ulifuata kimo cha nchi na joto. Katika Afrika ya Mashariki, mahali palipozidi futi 5,000 hivi, yaani kama meta 1,500, ugonjwa ulikuwa haba sana. Milima ya Kigezi, Rwanda na Burundi haikuwa nao. Kadiri walivyokwenda mbali na ikweta, kimo hicho kilishuka, kwa kuwa baridi huanza chini zaidi. Alexander Haddow, mchunguzi wa Entebbe, alipoitazama ramani hiyo aliona kwamba inafanana na ramani ya magonjwa yanayoenezwa na mbu.

Sisi wa Mbebe twaweza kuielewa hoja hii bila kufungua kitabu. Mtu akiufuata Mto Songwe kutoka milima ya Ileje mpaka Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko meta 500 hivi juu ya bahari, huliacha koti njiani, na usiku hutafuta chandarua. Safari ya siku moja tu humtoa katika nchi ya baridi akaingia katika nchi ya joto na mbu. Burkitt alifanya hesabu ya namna hiyo kwa bara zima.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa limeanza. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako mchunguzi wa virusi aitwaye Anthony Epstein. Aliposikia kwamba saratani hii hufuata hali ya hewa, alifikiri kwamba huenda kuna virusi ndani yake. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitoke Kampala kwa ndege kwenda London. Kwa muda wa miaka miwili Epstein hakuona kitu. Siku moja mwezi wa Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege isitue London, ikatua Manchester. Kipande kilipofika kilikuwa kimechelewa, na maji yake yamekuwa na ukungu kama yaliyooza. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama kwa hadubini, akakuta kwamba ukungu ule ni chembe za saratani zilizo hai, zinaelea. Chembe hizo zikaoteshwa katika chupa, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr, navyo ni vya kwanza kujulikana kuwa vina uhusiano na saratani ya binadamu.

Baadaye ilionekana kwamba virusi hivyo viko kwa watu karibu wote duniani, na wengi hawadhuriki. Kwa nini basi watoto wa nchi za joto wapatwe? Jibu lililokubaliwa na wengi ni malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, ulinzi wa mwili wake hudhoofika, na chembe zinazokaliwa na virusi huchochewa kuongezeka. Katika kuongezeka huko, huenda vipande vya kromosomu vikakatika na kuungwa mahali pasipo pake, na hapo saratani huanza. Nchi yetu nayo ilishiriki katika uchunguzi huu: tokea 1977 mpaka 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini walipewa dawa ya klorokwini ili ionekane kama ugonjwa utapungua. Ulipungua, lakini kwa kuwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, wachunguzi hawakuweza kukata shauri kwa matokeo hayo peke yake.

Na wale watoto wa wodini je? Hapa ndipo tunapoona uungwana wa Burkitt. Mpasuaji ambaye kazi na heshima yake ilikuwa kisu alikiweka kisu chini. Mnamo mwaka 1960 wageni kutoka hospitali ya saratani ya New York, akiwamo Joseph Burchenal, walimpa dawa mpya za kuua chembe za saratani. Alizitumia kwa vipimo vidogo, na uvimbe ulioujaza uso wa mtoto ukayeyuka kwa siku chache. Wengine ulirudi, lakini wengine walipona kabisa, wakakua, wakawa watu wazima. Peter Clifford huko Nairobi aliona matokeo kama hayo. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, na hicho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Siku hizi, katika nchi zenye hospitali nzuri, karibu watoto 9 katika kila 10 hupona. Katika nchi zetu wanaopona ni wachache zaidi, hasa kwa sababu wengi huletwa wakiwa wamechelewa, au huondoka kabla ya kumaliza dawa.

Kazi ile ilisaidia pia kufungua njia kwa saratani nyingine. Wapasuaji wa matiti nao walianza kujiuliza kama kukata zaidi ni kuponya zaidi. Mwaka 1985 Bernard Fisher wa Marekani alionyesha kwamba mwanamke mwenye uvimbe mdogo, akiondolewa uvimbe tu na kutibiwa kwa mionzi, huishi sawa na yule aliyeondolewa titi zima. Kisu bado kina kazi kubwa katika saratani ya matiti, lakini sasa hufuatana na dawa na mionzi.

Hata uchachu wa uvimbe umechunguzwa. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg wa Ujerumani aligundua kwamba chembe za saratani hula sukari nyingi na kutoa asidi, kama maziwa yanavyoganda yakawa machachu. Limfoma ya Burkitt, kwa kuwa hukua upesi, huweza kutoa asidi nyingi hata damu ya mgonjwa ikachacha. Wachunguzi wengine waliona kwamba asidi hiyo huusaidia uvimbe kupenya nyama iliyo jirani, na mwaka 2009 walitangaza kwamba panya wenye saratani ya matiti waliopewa magadi ya sodiamu katika maji, saratani yao ilienea kidogo kuliko ya wengine. Lakini panya si mtu. Mgonjwa asije akadanganywa na mtu ye yote kwamba kunywa magadi kutamponya, akaacha kwenda hospitali.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akaenda kufanya kazi London. Huko aliuliza swali lake kwa mara ya tatu. Mbona magonjwa ya utumbo, ikiwamo saratani ya utumbo mpana, ni mengi Ulaya, na katika vijiji vya Uganda hakuyaona ila kwa nadra? Safari hii jibu lake lilikuwa chakula. Alihubiri kwamba Wazungu wamezikoboa nafaka zao hata makapi yote yametupwa, na utumbo hukosa kazi. Wengine walimcheka, lakini leo madaktari karibu wote huwashauri watu kula nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga na matunda. Wale wanaoudharau ugali wa dona na kutaka sembe nyeupe kila siku wangefanya vema kulikumbuka jambo hili.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mshiriki wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi cha Uingereza, na mwaka ule ule akapewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Alimwacha mkewe Olive, aliyemwoa mwaka 1943, pamoja na watoto wao wa kike watatu.

Katika maisha haya yako mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni la mwanafunzi. Kuuliza si ujinga. Na mtu mwenye jicho moja aliona yale ambayo wengi wenye macho mawili waliyapita, kwa sababu aliuliza, akahesabu, akaandika. Ramani, daftari na kalamu tunavyo hata sisi.

La pili ni la nyumbani, nalo ni zito zaidi. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto akivimba taya au tumbo, na mama akiona donge katika titi lake, ingawa haliumi, asingoje mpaka mavuno yaishe, wala asifiche kwa aibu, wala asizunguke kwanza kwa waganga wa mizizi. Aende kituo cha afya, na huko wakimwelekeza hospitali kubwa, aende. Dawa zipo, wapasuaji wapo, na huko Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Burkitt aliwazika watoto wengi kabla ya kupata dawa. Sisi dawa imekwisha kupatikana, na wajibu wetu ni kumfikisha mgonjwa mapema.